Siku Niliyofunga Isale Kwenye Kompyuta

Aibu hii nimeishi nayo miaka mingi, na ningeendelea kuishi nayo kimya kimya kama si Evarist, fundi cherehani wa Majengo, ambaye akishapiga kata mbili za mbege, pombe yetu ya ndizi, anaisimulia kwa watu na kila mwaka anaongeza chumvi, mpaka juzi nimesikia eti nilifunga isale kwenye mlango wa benki. Si benki. Ilikuwa kompyuta. Kwa hiyo nimeona bora niandike mwenyewe mwenye aibu yake (mwandiko wangu mnisamehe, nilisoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu nilisoma nusu, nusu nyingine nilikuwa nachunga mbuzi wa mwalimu).

Kazi yangu wakati ule ilikuwa kuuza picha. Kuuza, nasema, si kuchora. Nilikuwa natundika picha kwenye kamba mjini Moshi, kando ya barabara wanayopita wageni wakitoka mlimani, wengine wanachechemea, wengine pua zimebabuka kwa jua, na mtu aliyetoka kuteseka mlimani kwa siku sita ni mtu mzuri sana wa kumuuzia picha kwa sababu anataka kitu cha kuonyesha kwao. Mchoraji alikuwa Mama Aikaeli wa Rau, mjane, Mmachame kama mimi, mama wa watu ambaye ukikutana naye njiani na kikapu chake utadhani anakwenda kuuza mchicha.

Huyu mama lazima niwaeleze, maana bila kumjua hamtaelewa nilichoharibu. Wachoraji wa mlima walikuwa wengi, na mlima kuchora si kazi, unaweka umbo kama paa la kibanda, unapaka nyeupe juu, mgeni ananunua. Aikaeli alikuwa hauchori mlima. Alikuwa anachora mambo yanayoendelea watu wakiwa wameupa mlima mgongo: akina mama wanateremka na mikungu ya ndizi, mzee analainisha mpini wa jembe, ng'ombe amefungiwa ndani na pua yake tu ndiyo inaonekana, na ukiitazama ile pua unajua kabisa ng'ombe yule ana njaa. Alitumia kitambaa cha amerikani alichokikaza kwenye mbao, na rangi ya mafuta ya kupakia milango, basi. Nimemwona akitazama jani moja la mgomba asubuhi nzima bila kushika brashi, mimi nimekaa pale nasubiri picha nikauze, nakasirika, halafu akinyanyuka anapiga mara tatu tu, jani hilo hapo, hata upepo umo. Nimeishi na migomba tangu nizaliwe, nimekula ndizi za kila namna, lakini kuiona migomba nilifundishwa na huyu mama.

Jina lake alikuwa akiliandika nyuma, kwa mkaa: Aikaeli, Rau. Siku moja nikamwambia, mama, andika mbele kama wenzako. Akacheka.

"Mbele pamejaa watu, Baba Elia. Niwasukume?"

Sasa sikilizeni nilivyoanza kupotea. Siku moja alikuja mama mmoja wa Kizungu, mrefu, nywele nyeupe, jina lake Ingiridi, akasimama mbele ya picha ile kubwa ya akina mama watatu na mikungu. Akasimama mpaka nikadhani ameugua. Kumbe machozi yanamtoka. Mimi nimeuza vitu vingi maishani, nimeuza vitunguu Kwa Sadala, nimeuza viatu vya mitumba, niliwahi hata kuuza ng'ombe kipofu nikasema ana aibu (hiyo nitaisimulia siku nyingine, au labda nisiisimulie kabisa), lakini sijawahi kuona mtu akilia kwa uzuri wa kitu nilichokitundika mimi. Akanigeukia na macho yale yale yaliyokuwa yakitazama picha, akanitazama mimi nayo, akauliza kwa Kiswahili chake cha siku sita, "Wewe chora?"

Nikasema, "Ndiyo."

Neno moja tu. Sikulipanga. Mtu akikutazama hivyo, na wewe ni mzee wa koti lililochanika kwapani, unataka aendelee kukutazama hivyo walau kidogo.

Basi baada ya hapo hapakuwa na pa kurudia. Akazipiga picha zote kumi na moja kwa kamera, moja moja, juani, mimi ndiye nazishika, mbele tu bila shaka, nyuma nani apige. Halafu akanisimamisha mimi na ile kubwa, kifua mbele, kofia nimeiweka sawa. Halafu akatoa karatasi, akaandika Kizungu chake, akanisomea kwa kunitafsiria: "Wewe mchora. Wewe kubali. Mimi weka, dunia ona." Mimi niliposikia dunia ona nikaona ni baraka, nikaandika jina langu pale chini, Elia, herufi kubwa, na mstari chini yake. Jioni nilimwambia Aikaeli kwamba kuna mgeni amezipenda picha zake sana, na hilo halikuwa uongo. Akafurahi. Mengine nilikaa nayo tumboni, na baada ya wiki mbili nikayasahau, kwa sababu nilivyojua mimi, Mzungu akipiga picha zinakwenda Ulaya kukaa kwenye kabati.

Masika ikapita. Kuna mtu alikuwa anajenga hoteli huko juu Marangu (simtaji jina, na hoteli yenyewe siku hizi ina mwenyewe mwingine), akasikia habari za Aikaeli, akamwita achore ukuta wote wa chumba cha kulia chakula. Ukuta wote! Kutoka mlangoni mpaka dirishani. Aikaeli hakulala siku tatu kwa furaha, alikuwa anapima kwa hatua uani kwake, anawaambia kuku, hapa mlango, hapa dirisha. Akachukua picha nne za mfano, akazibeba kichwani, akapanda kwenda huko.

Alirudi mchana ule ule. Nilikuwa pale Rau kwake namsubiri. Akatua picha, akakaa juu ya kigoda, nikamuuliza kulikoni.

"Kaniambia mimi ni mwizi," akasema. "Kasema picha hizi ziko kwenye mtandao, ameziona kwa macho yake, ni za mzee mmoja, mchoraji. Kasema mimi naiga kazi za watu halafu naona haya hata kuandika jina mbele."

"Mzee gani?"

"Hakuniambia. Kasema kama sijamletea ushahidi mpaka Jumamosi anamwita fundi wa Arusha. Kanipa hii nikajionee nilivyoumbuka." Akanipa kikaratasi kimeandikwa anwani ya huko mtandaoni.

Ndugu zangu, damu ilinipanda. Naapa mbele yenu kwamba sikumkumbuka Ingiridi hata kidogo. Nilichoona ni mzee fulani mwizi, amekaa mahali, anajiita mchoraji, na mama huyu ambaye hajawahi kuchukua hata kuni za mtu ameitwa mwizi kwa kazi ya mikono yake. Nikasema, "Huyo mzee nikimpata nitamvunja mguu." Aikaeli akasema niache, yeye atafikiri cha kufanya. Mimi nikachukua kikaratasi nikashuka mjini.

Duka la kompyuta lilikuwa moja nililolijua, mashine tano, watu wamekaa migongo imepinda wanalipia kwa nusu saa. Msimamizi alikuwa binti anaitwa Neema, wa Kilema, amesomea mambo hayo Dar.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nimekuja kuchukua picha za Mama Aikaeli."

"Picha gani, babu? Mbona hapa hatusafishi picha?"

Nikampa kikaratasi. Akakaa kwenye mashine ya mwisho, akaandika, tukasubiri, maana mtandao wa miaka ile ulikuwa unakuja kama maji ya bomba wakati wa kiangazi. Halafu picha ikaanza kuteremka kutoka juu, polepole, kwanza anga, halafu majani, halafu mikungu, halafu vichwa vya wale akina mama watatu, na mimi nikashindwa kuvumilia, nikasimama.

"Ndiyo hiyo! Itoe!"

"Babu, siwezi kuitoa. Haimo humu. Iko kwenye mtandao."

"Mtandao uko wapi?"

"Uko kila mahali."

"Aliye kila mahali ni Mungu peke yake, binti yangu. Wewe nionyeshe nyumba."

"Subiri basi ukurasa uishe kufunguka, huko chini huwa wanaandika nani ameweka..."

Sikusubiri. Hapo ndipo uzee na haraka vilipokutana. Nilitoka nje, nikavuka barabara hadi kwenye nyumba moja waliyootesha masale uani, nikaomba jani moja, nikapewa, nikarudi nalo. Kwa wasiotujua: isale ni mmea wetu wa mpaka. Wachagga tunalipanda mwisho wa kihamba, yaani shamba la nyumbani, na mtu akilifunga jani lake kwenye kitu chenye ugomvi, iwe mgomba, iwe ng'ombe, hakuna anayekigusa mpaka maneno yaishe. Si polisi, si mahakama, jani tu, lakini jaribu kulivuka uone kama utapata usingizi. Nikaona, ikiwa picha ya mama imo kwenye mashine ile na binti anasema haitoki, basi angalau isiguswe. Nikalizungusha jani kwenye kile kioo kama televisheni, nikapiga fundo, nikalikaza kwa meno.

Kijana wa mashine ya pembeni, alikuwa anajaza fomu za chuo, akanyanyua mikono kama aliyeonyeshwa bunduki. "Mzee, hizi mashine zimeunganishwa kwa waya mmoja?"

"Zimeunganishwa," akasema Neema.

"Basi mimi siendelei." Akasimama. Na mwingine akasimama. Na dada mmoja aliyekuwa anamwandikia mchumba wake akaacha mchumba hapo hapo katikati ya sentensi.

"Jamani ni jani tu!" Neema akasema.

"Basi litoe wewe."

"Mimi? Mimi mama yangu bado yu hai."

Kulikuwa na Mhaya mmoja akasema kwao Bukoba hilo halina maana, akanyoosha mkono alitoe, watu watatu wakamshika. Mashine zote tano zikawa hazina mtu. Watu wakatoka barazani, na watu wa barabarani wakiona watu barazani wanakuja kuuliza, na Evarist huyu huyu (cherehani yake ilikuwa kwenye baraza ile ile) akaacha suruali ya mtu haina mguu mmoja akaja dirishani.

"Karibuni, karibuni," akawa anawapokea (meku kwetu ni mzee, ndivyo anavyoniita), "Meku ameifunga kompyuta kama ng'ombe wa mahari!"

Neema karibu alie. Akamwomba Evarist achukue baiskeli akamlete Mama Aikaeli kutoka Rau, na mimi huku nyuma, badala ya kukaa chini, nikaona nina hadhara. Mnanijua nikiona hadhara. Nikasimama kizingitini nikawaeleza watu habari nzima, mama mjane, jasho lake, ukuta wa Marangu, na mzee mwizi asiye na haya, na kila nilipoona wanaitikia nikapandisha sauti, mpaka nikasema maneno haya ambayo Evarist aliporudi akayakuta na hajayasahau mpaka leo:

"Huyo aliyejiita mchoraji, nasema mimi Elia, mtu wa Machame, siku akipatikana apige magoti mbele ya watu na aseme kwa kinywa chake kwamba hajui kuchora hata ukucha!"

"Apige magoti!" watu wakasema.

Aikaeli akafika, rangi ya kijani mikononi mpaka kwenye viwiko. Akaangalia watu, akaangalia jani, akaniangalia mimi.

"Baba Elia, nilisema nitafikiri."

"Fikiri, mama. Mimi nimezuia."

Neema akamwamkia, akamweleza kwamba ukurasa umeshafunguka wote, na kujua nani aliyeziweka picha ni kuteremka tu mpaka mwisho, ila hawezi kugusa mashine yenye isale. Watu wote wakanitazama mimi, maana aliyefunga ndiye mwenye neno. Nikasema kwa sauti ya hakimu, "Naruhusu kidole kimoja."

Akateremsha kwa kidole kimoja. Picha zikapita, moja, mbili, tatu, watu wanasogea, waliokuwa nyuma wanawapanda wa mbele mabegani, na kwa kweli ilikuwa vizuri, sijui niseme nini, hata kwenye kioo kile kibovu ilikuwa kazi ya mtu mkubwa, nikasikia mama mmoja anasema, "Yesu wangu, hiyo pua ya ng'ombe!" Kumi na moja zikaisha. Halafu ikaanza kutokea picha ya mtu.

Ilianza kofia. Nikasema moyoni, loo, mwizi mwenyewe ana kofia kama yangu.

Halafu paji la uso. Halafu macho. Halafu meno, yale mawili ya juu yenye nafasi katikati. Na kifua mbele.

Kisha Evarist dirishani, taratibu, kama anayetoa pole:

"Meku. Mwizi amekuja na koti lako."

Sijui kama mmewahi kutamani sakafu ifunguke. Neema, maskini, kwa kutaka kusaidia, akasoma yaliyoandikwa chini na kuyatafsiri: "Elia, mchoraji wa Moshi. Amenipa ruhusa kwa maandishi kuonyesha kazi zake." Na karatasi yenyewe ilikuwa pale, na jina langu, herufi kubwa, na ule mstari.

Mngedhani hapo watu wangenizomea. Ilikuwa mbaya zaidi. Mtu mmoja nyuma akasema, "Kumbe picha ni za huyu mzee kweli! Si zimeandikwa jina lake?" Mwingine akasema, "Basi mama ndiye anayeiga." Na yule aliyesifia pua ya ng'ombe akamtazama Aikaeli kuanzia miguuni mpaka kichwani. Imeandikwa kwenye kompyuta, basi. Nikaona jinsi mtu anavyoibiwa mbele ya macho yake mwenyewe, mikono yake ikiwa bado ina rangi, na mimi niliyejua ukweli ulimi umeganda kinywani kama gundi.

Aikaeli hakupiga kelele. Mpaka leo nikikumbuka namvulia kofia. Alimwomba Neema arudi kwenye ile picha ya kwanza, akanigeukia, akasema kwa upole, kama anamuuliza mgonjwa:

"Baba Elia, waambie watu. Hawa akina mama watatu ni akina nani?"

Nikatazama. Miezi mingapi nimeitundika picha ile? Nikasema, "Ni... akina mama."

Akasogea, akaonyesha bila kugusa kioo. "Wa mbele ni mama yangu mzazi. Anatazama chini kwa sababu mwaka ule macho yalishaanza kumsumbua, alikuwa anaijua njia kwa miguu. Wa kati ni mama mkwe, ndiyo maana kabeba mkungu mkubwa kuliko wote, hakukubali mtu amzidi hata siku moja. Wa tatu ni dada yangu, huo mkono haukukosewa, alianguka na debe la kahawa akavunjika, ukaungwa vibaya. Mkungu wake una vichana saba. Hesabuni." Watu wakahesabu kwa sauti, mpaka yule Mhaya. Saba. "Na hapo nyuma, kwenye majani, kuna mtoto. Hakuna anayemwona mpaka aonyeshwe. Ni mimi."

Tukatazama. Kweli, kati ya majani, jicho moja na kipande kidogo cha gauni. Nilikuwa nimeishika picha ile kwa mikono yangu miwili, juani, nikijiita mchoraji wake, na sikuwahi kumwona mtoto yule.

Hapo ulimi ukafunguka. Nikasema yote, Ingiridi, machozi, ndiyo yangu, karatasi. Nikasema sikuchora hata ukucha. Na kwa kuwa hukumu nilishaitoa mwenyewe, mtu mmoja akakumbusha, "Magoti, mzee!" nikapiga magoti pale sakafuni, magoti haya haya yenye baridi yabisi.

Lakini kwetu huombi radhi mikono mitupu. Unaomba kwa isale, na isale lilikuwa kwenye kompyuta. Ikabidi ninyanyuke tena, nikaanza kufungua fundo, na fundo nililolikaza kwa meno lilikuwa halifunguki, navuta, kioo kinakuja, Neema anapiga ukelele, "Babu utaiangusha! Babu!" Evarist akaingia na mkasi wake wa kitambaa, nikamkataza, isale halikatwi kwa mkasi, basi nikalifungua kwa meno vile vile nilivyolifunga, nimekumbatia kompyuta, matako kwa hadhara, na watu sasa wanacheka mpaka wanashikana. Ndipo nikarudi chini na kumnyooshea Aikaeli jani lile, limetafunwa, limelowa mate.

Alikaa muda akilitazama. Isale la kuomba radhi halikataliwi, kila Mchagga anajua, lakini hakuna sheria inayosema lipokelewe haraka.

"Nimelipokea," akasema mwishowe, akalitia kikapuni. "Sasa nyanyuka. Radhi nimekupa, jina langu bado sijapewa. Kaa hapa na huyu binti muandike."

Tukaandika barua ya kompyuta kwenda kwa Ingiridi, anwani yake ilikuwa pale pale mwisho wa ukurasa. Neema anaandika Kizungu, mimi nasema Kiswahili, na hadhara haikutawanyika hata kidogo.

"Andika: mimi Elia sikuchora picha hizo."

"Hata moja?" Neema akauliza.

"Hata ndizi moja."

Zamu ya Aikaeli ilipofika nilidhani atamtukana yule Mzungu. Akasema, "Mwambie simlaumu. Aliuliza, akajibiwa uongo, na aliandikisha kabisa, watu wangapi wanaandikisha? Lakini picha ni zangu. Namwomba azitoe zote leo, halafu aniulize mimi, nami nitamwambia ipi ikae na ipi isikae. Na majina ya akina mama wangu asiyaandike, hayo ni ya nyumbani." Neema aliacha kuandika akamtazama, akasema alisoma darasani Dar mambo ya haki za kazi za watu kwa miezi miwili na hakuna mwalimu aliyeyasema yakaeleweka hivyo.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumatano nikaenda pale dukani, hakuna jibu. Alhamisi, hakuna, ila nilipopita barazani Evarist akauliza kama nimekuja kumlisha ng'ombe wangu majani. Nilikuwa sili vizuri. Nilikuwa nawaza ule ukuta, na fundi wa Arusha, na jinsi neno langu moja linavyoweza kumkosesha mama yule ukuta wa maisha yake. Ijumaa mchana Neema mwenyewe akaja mbio mpaka kwenye kamba yangu ya picha, karatasi mkononi. Ingiridi amejibu. Ameomba msamaha mara nne kwa barua moja, amezitoa picha zote, na kwenye ukurasa ule ameacha maandishi tu: kwamba kazi alizozionyesha ni za Aikaeli wa Rau, mwanamke, na kwamba yeye alikosea kwa kutouliza zaidi, na kwamba ataziweka tena siku mwenyewe atakapokubali. Mimi akanitaja kwa neno moja. Neema akalitafsiri: muuzaji. Nililipenda neno lile kuliko nilivyowahi kupenda jina lolote.

Jumamosi alfajiri tulipanda Marangu, Aikaeli mbele na karatasi ile ndani ya kikapu, mimi nyuma na ngazi begani. Mwenye hoteli aliisoma amesimama, mara mbili, akakohoa.

"Basi mama, nilidanganywa."

"Hukudanganywa," Aikaeli akasema. "Hukuniuliza. Ungeniuliza nani yupo ndani ya picha, ningekuambia."

Yule bwana akatufungulia mlango wa chumba cha chakula. Ukuta mweupe, mrefu, hauna hata msumari. Aikaeli akausogelea, akaweka kiganja chake juu yake kama unavyompapasa ng'ombe usiyemjua, akaanza kuhesabu hatua kimya kimya. Mimi nikatua ngazi, nikatoka nje nikakaa juu ya jiwe, kwa sababu kuna saa za kuwa karibu na mtu mkubwa na kuna saa za kumpisha.

Nimeuza picha zake miaka mingi baada ya hapo, na sijawahi tena kuweka jina langu kwenye karatasi kabla haijasomwa mara mbili, na watu wawili tofauti. Na mgeni akisimama mbele ya kamba yangu, hata kabla sijamkaribisha, namwambia kwanza: Aikaeli. Ndiyo salamu yangu siku hizi. Wengine wanadhani ni Kichagga cha habari za asubuhi, wananiitikia hivyo hivyo, Aikaeli, na mimi nawaacha.